Somo la Ufundi: Kufunga Chuma cha Kuvutia Tela Nyumbani



Wanachama kadhaa wametuomba tuandike somo juu ya kufunga chuma cha kuvutia tela kwenye gari dogo, kazi ambayo mtu anaweza kuifanya nyumbani kwake kwa vyombo vya kawaida. Tumekubali kwa sababu jambo hili linatuhusu sana.

Wengi wetu tuna makao mawili. Tunayo kambi ya shamba au chumba cha mjini karibu na kiwanda, na tunayo nyumba ya kwetu. Tangu zamani za ukoloni watu wa West Nile wamekwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi. Wanaobahatika kuweka akiba hurudi na kitu. Zamani ilikuwa baiskeli. Siku hizi wengine huchanga fedha, wakanunua pikapu iliyotumika ili isaidie ukoo na majirani.

Kikundi chetu cha Lobule, katika wilaya ya Koboko, kilifanya hivyo. Ndani yake wamo Wakakwa na Walugbara, na wamo pia ndugu kutoka Kongo waliopokelewa katika makazi ya wakimbizi ya Lobule, yaliyofunguliwa mwaka 2013. Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Tulinunua pikapu kuukuu ili mihogo mikavu, karanga na ufuta wetu vifike soko la Koboko na Arua bila kumpa mchuuzi faida yote. Gari peke yake halikutosha mzigo. Tukatafuta tela.

KWA NINI TUNATOA SOMO HILI

Tueleze kwanza kosa letu, ili wengine wasilirudie.

Tulipopata tela tulikuwa na haraka, kwa maana mavuno yalikuwa yamekwisha na bei ilikuwa nzuri. Tukamwambia fundi wa kando ya barabara atuchomelee kipande cha chuma kwenye bampa ya nyuma, na juu yake atie kirungu cha kushika tela. Kazi ilimalizika kwa saa moja. Ilionekana nzuri, hata ikapakwa rangi nyeusi. Tulipakia magunia nane tukaondoka.

Safari mbili zilikwenda salama. Safari ya tatu, tulipokuwa tukipanda kilima kwenye barabara ya changarawe, gurudumu la tela liliingia shimoni. Bampa iling'oka nzima pamoja na chuma chetu. Tela likarudi nyuma peke yake, likaacha barabara, likaingia kwenye shamba la mahindi. Mama mmoja alikuwa akipita kwenye kijia na mtungi wa maji. Lilimgonga likamvunja mguu.

Mama yule alipona, lakini alikaa miezi bila kulima. Kikundi kilimhudumia, na fedha yote ya mavuno ikaishia huko. Tulikwenda kwake tukakaa chini tukaomba radhi. Alituuliza neno moja tu: "Wanangu, mlijua kwamba kile chuma kinashika, au mlidhani?"

Ndugu, tulikuwa tunadhani. Dereva hakuwa na kosa, na barabara tuliijua siku zote kuwa ina mashimo. Fundi naye alifanya tulichomwomba. Sisi ndio tuliotaka kazi ya saa moja. Somo hili lina neno moja la kukumbuka: nguvu ya tela ni lazima ishikwe na fremu ya gari, na kila kiungo kati ya fremu na mzigo kijulikane, kisidhaniwe.

MAJINA YA VIFAA

Ili tuelewane, tutatumia majina haya.

Fremu ni ile mifupa miwili mirefu ya chuma inayopita chini ya gari kutoka mbele hadi nyuma. Mafundi wengi huiita chasi. Injini, bodi na magurudumu, vyote vinashikwa nayo.

Chuma cha kuvutia ni mhimili unaofungwa kwa bolti kwenye fremu, upande wa nyuma. Kirungu ni ile tufe ya chuma inayokaa juu ya mhimili huo. Mkono wa tela ni chuma kirefu kinachotoka mbele ya tela. Kikombe ni kifaa cha mwisho wa mkono huo kinachofunika kirungu na kujifunga.

Bampa si fremu. Bampa imewekwa kwa ajili ya kugongwa kidogo, nayo hushikwa na bolti ndogo. Haikutengenezwa ili kuvuta.

KWANZA: PIGA HESABU YA UZITO

Kabla ya kugusa spana, shika kalamu. Kitabu cha gari husema gari linaweza kuvuta kilo ngapi. Kama kitabu kinasema gari hilo lisivute, basi lisivute. Magari madogo mengi ya abiria hayana fremu kamili. Hayo yafungwe tu chuma kilichotengenezwa kwa aina hiyo ya gari, kwenye matundu yaliyowekwa na mtengenezaji.

Matela mengi madogo hayana breki zake yenyewe. Breki za gari ndizo zinazosimamisha vyote viwili. Katika nchi za Ulaya tela lisilo na breki haliruhusiwi kuzidi kilo 750 pamoja na mzigo wake, na huko Uingereza lisizidi pia nusu ya uzito wa gari linalovuta. Hicho ni kipimo kizuri hata kwetu, tena sisi tuna vilima na changarawe.

Tuchukue mfano. Pikapu yetu tupu ina kilo 1500. Nusu yake ni kilo 750. Tela tupu lina kilo 250. Mzigo unaobaki ni kilo 500, yaani magunia matano ya kilo 100. Sisi tulikuwa tunapakia manane! Tungepiga hesabu hiyo ndogo, tungeona kwamba tumezidisha kilo 300.

Uzito wa kituo kimoja haubaki vilevile barabarani. Kwenye kilima kinachopanda mita 1 katika kila mita 10, tela la kilo 750 linavuta nyuma kwa nguvu kama ya kilo 75 zinazoning'inia. Likiingia shimoni, mshtuko wake ni mkubwa mara nyingi kuliko hapo. Chuma hakikatiki kwa uzito wa kawaida. Hukatika kwa mshtuko, na hasa mshtuko unaorudiwa kila siku.

PILI: VYOMBO NA VIFAA

Tayarisha vitu hivi:

1. Chuma cha kuvutia. Ni bora kile kilichotengenezwa kwa aina ya gari lako. Kikiwa kimetumika, kipige brashi mpaka chuma kionekane, ukitafute ufa na mahali palipopinda. Chenye ufa kikataliwe.
2. Kirungu na kikombe vya kipimo kimoja.
3. Bolti, nati zisizolegea na washa nene.
4. Spana, drili, vipande vya kuchimbia vya chuma, tindo ya kutia alama, futi ya kupimia.
5. Jeki moja au mbili, na vigingi vya chuma au magogo mazito ya mbao ya kulaza gari.
6. Minyororo miwili ya usalama.
7. Rangi ya kuzuia kutu, miwani ya kukinga macho, glavu.

Kuhusu bolti tuseme zaidi, maana hapa ndipo watu hubana fedha. Tazama kichwa cha bolti. Bolti nzuri imeandikwa namba kama 8.8 au 10.9. Bolti ya 8.8 ina nguvu mara mbili ya ile ya 4.6 yenye unene uleule. Bolti isiyo na namba yoyote usiitumie kwa kazi hii, hata ukipewa bure. Usitumie pia fimbo ya chuma ya ujenzi iliyokatwa nyuzi. Kwa macho zote zinafanana, lakini kilimani hazifanani.

TATU: USALAMA WAKO CHINI YA GARI

Tunajua wafanyakazi wenzetu waliokwepa hatari zote za kiwandani kwa miaka mingi, halafu wakaumia nyumbani siku ya mapumziko. Nyumbani hakuna msimamizi wala kamati ya usalama. Basi kila mmoja awe kamati yake mwenyewe.

Simamisha gari mahali tambarare na pagumu. Funga breki ya mkono, tia gia, na weka mawe au kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Inua nyuma kwa jeki, kisha ulaze fremu juu ya vigingi au magogo. Jeki ni ya kuinulia tu. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Tofali lisitumike kabisa, kwani hupasuka ghafla bila kutoa ishara. Baada ya kulaza gari, lisukume kwa mikono. Likitikisika, panga upya.

Fungua waya wa hasi wa betri. Kisha lala chini utazame kabla ya kutoboa: tangi la mafuta liko wapi? Bomba la breki linapita wapi? Nyaya zinapita wapi? Kwenye magari mengi vitu hivyo vimekaa kandokando ya fremu. Mtu hutoboa upande mmoja akakata bomba la breki upande wa pili.

Usichomelee chuma karibu na tangi. Wengine husema tangi tupu halina hatari. Sivyo: tangi lililomwagwa petroli hubaki na mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Kazi yote ya kuchomelea ifanywe kwa fundi, juu ya meza, kabla chuma hakijaletwa kwenye gari. Kwenye fremu tunafunga kwa bolti. Moto wa kuchomelea unaweza kudhoofisha fremu mahali palepale tunapotaka iwe na nguvu.

NNE: KUPIMA NA KUTOBOA

Kazi hii inataka watu wawili au watatu. Mmoja akiwa peke yake atalazimika kushika chuma kizito kwa kifua.

Tafuta katikati ya gari. Pima kutoka fremu ya kulia na ya kushoto, utie alama katikati. Kirungu kikikaa pembeni, gari litavutwa upande mmoja kila siku.

Pima urefu kutoka chini. Gari likiwa na mzigo wake, katikati ya kirungu pawe kati ya milimita 350 na 420 kutoka ardhini. Hicho ndicho kipimo cha Ulaya kwa magari madogo. Kama tela lako ni la juu zaidi, jambo kubwa ni hili: likifungwa, tela likae sawasawa na ardhi, lisiinamishe pua wala kuiinua.

Inua chuma cha kuvutia kwa jeki mpaka kiguse fremu, ukibane hapo. Tazama kwanza kama fremu ina matundu yake ya zamani. Magari mengi yanayo, nayo ndiyo ya kutumia. Ikibidi kutoboa mapya, fuata sheria tatu:

Kwanza, toboa ukuta wa kati wa fremu, ule uliosimama wima. Usitoboe mdomo wa juu wala wa chini, kwa maana hapo ndipo fremu inapobeba uzito mwingi, na tundu huanzisha ufa.

Pili, anza na kipande chembamba, halafu kinene. Tundu libane bolti. Lisiwe na nafasi ya kucheza.

Tatu, kama fremu ni ya umbo la boksi, tia kipande cha bomba ndani ili bolti ipite katikati yake. Bila bomba hilo, ukikaza bolti fremu inabonyea, na baada ya siku chache bolti inalegea.

Lainisha ukingo wa kila tundu, paka rangi ya kuzuia kutu, uiache ikauke. Kutu inayoanza ndani ya tundu haionekani.

TANO: KUFUNGA NA KUKAZA

Tia bolti zote kwa mkono kwanza, bila kukaza. Sisi mara ya pili tulitumia bolti nne kila upande. Zote zikiingia, kaza kidogo kidogo kwa zamu, kulia na kushoto, mpaka chuma kilale sawa.

Kukaza nako kuna kipimo. Bolti ya milimita 12 yenye namba 8.8 hukazwa kwa nyutoni-mita 80 hivi. Mwenye spana ya kipimo ataiona namba hiyo. Asiye nayo atumie mizani ya kutundika, ile ya kununulia mazao. Chukua spana yenye mkono wa nusu mita, funga mizani kwenye mwisho wake, uvute kwa pembe ya mraba mpaka mizani isome kilo 16. Hapo umefika. Ukizidisha sana unanyoosha bolti, na bolti iliyonyooshwa ni sawa na iliyokatika nusu. Karatasi ya mtengenezaji ikiwapo, namba yake ndiyo ya kufuata. Nati ya kirungu ni kubwa na inataka nguvu zaidi. Ifuate karatasi yake.

Sasa tuje kwenye kirungu. Huku kwetu kuna vya namna mbili vinavyofanana sana. Kirungu cha kipimo cha Ulaya kina milimita 50. Vya Marekani viko vya inchi 2, ambayo ni karibu milimita 51, na vya inchi 1 na 7/8, ambayo ni karibu milimita 48. Ukiweka kirungu cha 48 ndani ya kikombe cha inchi 2, kitaingia, kikombe kitafungwa, nawe utadhani mambo ni sawa. Kwenye shimo la kwanza kikombe kinaruka. Tazama namba iliyochongwa juu ya kirungu na ile iliyo kwenye kikombe. Namba ikiwa imefutika, pima.

Halafu fanya jaribio hili ambalo halina gharama. Funga tela kwenye gari. Weka jeki chini ya mkono wa tela, karibu na kikombe, uinue polepole. Kirungu na nyuma ya gari vinapaswa kuinuka pamoja na tela. Kikombe kikichomoka kirungu kikibaki, usiondoke nyumbani.

SITA: MINYORORO NA TAA

Minyororo ya usalama ni ya siku ile ambayo kila kitu kimeshindwa. Ifungwe kwenye mhimili wenyewe, si kwenye kirungu. Ipishane chini ya mkono wa tela, wa kulia uende kushoto na wa kushoto uende kulia. Kwa namna hiyo mkono ukianguka unalala juu ya minyororo, hauchomi ardhi na kupindua tela. Iachiwe nafasi ya kukata kona, lakini isiburute. Sisi tungekuwa na minyororo miwili iliyofungwa kwenye fremu, bampa ingeng'oka peke yake na mama yule angefika nyumbani na maji yake.

Taa za tela ni za lazima, kwa maana tela linafunika taa za gari. Soketi ya kawaida ina pini saba. Kwa mpango wa Ulaya, ziko hivi:

Pini 1, waya wa manjano: indiketa ya kushoto.
Pini 2, waya wa buluu: taa ya ukungu ya nyuma.
Pini 3, waya mweupe: waya wa ardhi.
Pini 4, waya wa kijani: indiketa ya kulia.
Pini 5, waya wa kahawia: taa ya nyuma ya kulia.
Pini 6, waya mwekundu: taa za breki.
Pini 7, waya mweusi: taa ya nyuma ya kushoto.

Rangi hizo ni za tela na soketi. Nyaya za gari lako zinaweza kuwa na rangi nyingine, basi jaribu kila moja kwa taa ndogo ya kupimia kabla ya kuunga. Taa za tela zikififia au zikiwaka ovyo, kwa kawaida tatizo ni waya wa ardhi. Usafishe mahali unapogusa chuma.

SABA: KUPAKIA NA KUJARIBU

Tela lililopakiwa vibaya ni hatari hata kama limefungwa vizuri. Mzigo ukiwa mwingi nyuma ya gurudumu, tela linainua pua na kuanza kuyumba kama mkia, mpaka dereva ashindwe. Mzigo mzito zaidi uwe mbele kidogo ya gurudumu. Mkono wa tela ukandamize kirungu kwa sehemu kama moja ya kumi ya uzito wote. Kwa tela la kilo 750 ni kilo 75. Tundika mkono wa tela kwenye ile mizani ya mazao utaona. Na kumbuka kwamba kilo hizo 75 zinabebwa na gari, kwa hiyo punguza kilo 75 kwenye mgongo wa pikapu.

Safari ya kwanza iwe ya tela tupu, pole pole, karibu na nyumbani. Jaribu breki, kata kona, rudi nyuma. Baada ya kilometa 50 simama ukaze bolti zote tena, kwa maana vyuma vipya hukaa na kulegea kidogo. Kaza tena baada ya safari chache, halafu kila mwezi.

Mwendo uwe wa chini. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko mpaka Oraba, yenye kilometa 92, ina lami, na lami inamshawishi dereva. Tukumbuke kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, kazi ya breki inaongezeka mara nne. Ukitelemka kilima, tia gia ndogo mapema. Usingoje breki zipate moto.

Watu wasipande juu ya tela, hata mtoto, hata kwa hatua chache. Tena, kabla ya kuingia barabara kuu, uliza polisi wa usalama barabarani juu ya usajili wa tela, na mwambie mtu wa bima kwamba gari sasa linavuta.

UKAGUZI KABLA YA KILA SAFARI

Kata ukurasa huu ubandike ndani ya gari:

1. Bolti za fremu: hakuna iliyolegea, hakuna ufa.
2. Kirungu: nati imekaza.
3. Kikombe: kimefungwa na pini yake imetiwa.
4. Minyororo: imepishana na kufungwa.
5. Taa: breki, indiketa, nyuma.
6. Magurudumu: upepo na nati.
7. Mzigo: umehesabiwa na kufungwa kamba.

Ukaguzi huu huchukua dakika tano. Mmoja asome, mwingine aguse kwa mkono.

SOMO HILI KAZINI

Ndugu wa mashamba makubwa, ninyi mnaona trekta na tela kila siku. Mambo ni yaleyale, ila uzito ni wa tani. Pini ya kuunga trekta na tela iwe pini halisi yenye kifungio, isiwe bolti iliyookotwa au kipande cha chuma cha ujenzi. Wakati wa kuunga, mtu asisimame kati ya trekta na tela huku trekta likirudi nyuma. Dereva asimame kwanza, ndipo mwenzake aingie kutia pini. Wala mtu asipande juu ya mkono wa tela ili afike kambini upesi. Akiteleza, gurudumu liko nyuma yake.

Msimamizi akisema "hakuna nafasi, pandeni hapo," mjue kwamba sheria haiko upande wake. Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inampa mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa wafanyakazi, na inampa mfanyakazi haki ya kuondoka mahali penye hatari kubwa ya papo hapo. Mtu akiumia kazini, iko Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya mwaka 2000. Lakini fidia haiungi mguu. Afadhali pini mpya kuliko kesi ndefu. Mwakilishi wa chama aikague pini hiyo mwenyewe, aandike alichokiona, na amkabidhi mwajiri barua yenye tarehe.

Sisi wa Lobule tulifunga chuma kipya kwa siku mbili badala ya saa moja. Kilipokwisha tulimwita mama yule. Alikuja na fimbo yake, akainama, akagonga fremu kwa fimbo, akataka aonyeshwe kila bolti. Tulimwonyesha moja moja, tukamweleza kazi yake. Alipotosheka alisema, "Sasa mnajua." Tangu siku hiyo hakuna anayewasha gari letu kabla ya kugusa vitu vyote saba.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini bampa haifai kubeba chuma cha kuvutia?
2. Gari lina kilo 1200, tela tupu lina kilo 200. Kwa kipimo cha nusu ya uzito wa gari, tutapakia magunia mangapi ya kilo 100?
3. Pini ya trekta la shamba lenu ni ya namna gani? Nani aliikagua mara ya mwisho, na lini?
4. Mwenzenu akikataa kupanda mkono wa tela akatishwa kufukuzwa, tawi litafanya nini siku hiyohiyo?

Majibu ya swali la kwanza na la pili mtayapata ndani ya somo. Ya swali la tatu na la nne yako mikononi mwenu. Yajadilini katika mkutano wa tawi, muyaandike, mtuletee.

Umoja ni nguvu.